TINGATINGA SI TREKTA TU

Ukitaja neno tingatinga hapa kwetu, kila mtu ataona trekta likinguruma shambani. Leo lakini nataka kuwaelezea mtu. Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka wa 1932 huko Tunduru, kusini mwa Tanzania. Hakukanyaga chuo chochote cha uchoraji. Alifanya kazi kwenye mashamba ya mkonge kule Tanga, kisha akaelekea Dar es Salaam kutafuta unga kama vijana wengine.

Ukimfuata mtu huyu utaujua mji. Utaingia kwanza kwa mlango wa nyuma, maana alikuwa mtumishi katika nyumba ya Mzungu. Utafika Msasani, karibu na bahari, alikoishi. Utapitia hospitali ya Muhimbili, ambako pia alifanya kazi. Mwisho utasimama Oysterbay, penye maduka ya Morogoro Stores, ambako wageni walinunua picha zake.

Alianza kuchora mnamo 1968. Je, vifaa alitoa wapi? Pesa za vifaa vya wasanii wakubwa hakuwa nazo. Alichukua mbao nyembamba za kutengenezea dari, zikakatwa mraba wa kama sentimita 60 kila upande, akatumia rangi ya baiskeli. Rangi hiyo hung'aa sana. Kwanza ubao wote hupakwa rangi moja, ikishakauka ndipo mnyama huchorwa juu yake: ndovu, chui au ndege, mkubwa hadi anajaza ubao.

Kazi hiyo aliifanya miaka minne tu. Mwaka wa 1972 polisi walimpiga risasi wakidhani ni mhalifu anayetoroka. Jamani! Lakini alikuwa ameshawafundisha jamaa zake wachache, nao hawakuweka brashi chini. Mnamo 1990 wachoraji hao walipata chama chao cha ushirika, na mtindo wenyewe huitwa Tingatinga hadi leo.

Mimi huchora nyuma ya daftari la Hisabati, na nimeambiwa mara nyingi kwamba napoteza wakati. Pengine ni kweli, kwani mtihani ni mwakani. Hata hivyo, wahenga walisema mgaagaa na upwa hali wali mkavu. Kwa hivyo, kama kwenu kuna rangi ya baiskeli iliyobaki, tafadhali usiitupe. Niletee.