Haki ya kura Marekani: miaka 95 kutoka kwenye karatasi hadi kwenye sanduku

Sisi tuliosomea ukimbizini tunajua kuwa haki iliyoandikwa na haki uliyoishika mkononi ni vitu viwili. Marekani nako ni hivyo.

Mwaka 1870, Marekebisho ya 15 ya Katiba yalikataza kumnyima mtu kura kwa sababu ya rangi yake. Majimbo ya Kusini yakabuni vikwazo: kodi ya kupigia kura, na mtihani wa kusoma ambao karani ndiye aliyeamua nani kafaulu.

Januari 22, 1965, walimu weusi wapatao 100 waliandamana mjini Selma, Alabama, kudai kuandikishwa. Wanaofundisha watu kusoma wakafukuzwa mlangoni! Machi 7, waandamanaji wengine walipigwa na polisi kwenye daraja la Edmund Pettus. Agosti 6, Rais Lyndon Johnson akasaini Sheria ya Haki ya Kupiga Kura. Jimboni Mississippi, weusi walioandikishwa wakapanda kutoka asilimia 6.7 hadi karibu asilimia 60 kufikia 1967.

Lakini mwaka 2013, Mahakama ya Juu ilibatilisha kifungu muhimu cha sheria hiyo. Haki ni shamba: usipolipalilia, magugu hurudi.

Basi wewe uliyerejea, daftari la wapiga kura likifunguliwa, nenda ukahakikishe jina lako limo.