Jina Lisilo Jaladani: Jack Whittingham, Kutoka Gazetini Hadi Filamuni

Katika tenzi zetu za kale, mtunzi aghalabu hujitaja katika beti za tamati: jina lake, pengine na ukoo wake, na tarehe aliyoikamilisha kazi. Mhakiki anayemtafuta mwenye utungo huenda moja kwa moja mwishoni. Mwandishi wa mswada wa filamu hana beti kama hizo. Jina lake hutajwa, au huachwa, na watu wengine: mtayarishaji, mchapishaji, na wakati mwingine mahakama. Makala hii inanuia kulitazama suala hilo kupitia kazi za Mwingereza Jack Whittingham (1910–1972), mwanahabari aliyegeuka kuwa mwandishi wa filamu.

Whittingham alizaliwa Yorkshire, akasomea Oxford, kisha akaandikia magazeti, yakiwemo Morning Post na Daily Express. Kufikia mwaka wa 1939 alikuwa miongoni mwa watu watatu waliotajwa kuwa wabunifu wa hadithi ya Q Planes, filamu ya ujasusi iliyoigizwa na Laurence Olivier na Ralph Richardson. Hata hivyo, ni baada ya Vita vya Pili vya Dunia ndipo alipopata uwanja wake hasa, katika studio ya Ealing, magharibi mwa London.

Mhakiki akizipitia filamu alizoziandika huko, hakosi kuuona mkono wa mtu wa gazeti. Anachagua jambo ambalo lingeweza kuwa habari ya mistari michache, kisha anauliza ni nani anayeumia. Katika Pool of London (1951), aliyoiandika pamoja na John Eldridge, baharia Mjamaika anatia nanga London na kujikuta katika urafiki na msichana Mzungu. Earl Cameron, aliyeigiza nafasi hiyo, alikuwa miongoni mwa Weusi wa kwanza kupewa uhusika mkuu katika filamu ya Uingereza. Mandy (1952), aliyoiandika na Nigel Balchin kutokana na riwaya ya Hilda Lewis, inamhusu mtoto kiziwi na wazazi wanaovutana kuhusu elimu yake.

Kwa maoni yangu, kazi yake bora ni The Divided Heart (1954). Chimbuko lake ni kisa cha kweli. Mtoto wa Kiyugoslavia alitenganishwa na mamaye wakati wa vita, akalelewa na wanandoa Wajerumani waliomdhania yatima. Mama akasalimika na kuja kumdai, na shauri likaamuliwa na mahakama ya Wamarekani nchini Ujerumani. Mwandishi dhaifu angemfanya mmoja wa wanawake hao kuwa mwovu ili atupunguzie taabu ya kuamua. Whittingham hakufanya hivyo. Uzito aliowapa wote wawili unathibitishwa na jambo moja: Yvonne Mitchell, aliyeigiza mama mzazi, na Cornell Borchers, aliyeigiza mlezi, kila mmoja alituzwa na chuo cha filamu cha Uingereza.

Mwaka huohuo wa 1954 alishirikiana na Max Catto kuandika West of Zanzibar, iliyoelekezwa na Harry Watt. Hii inatuhusu sisi, kwani ni hadithi ya magendo ya pembe za ndovu na majahazi ya pwani yetu. Siwezi kuisifu. Shujaa ni afisa Mzungu wa wanyamapori, na Mwafrika ndiye wa kuokolewa. Tena nafasi kubwa mbili za Waafrika walipewa Edric Connor wa Trinidad na Orlando Martins wa Nigeria. Yule aliyewapima wanawake wawili kwa mizani moja hakuifikisha mizani hiyo huku.

Mnamo 1959, mtayarishaji Kevin McClory alimwajiri Whittingham aandike mswada wa filamu kuhusu James Bond. McClory na Ian Fleming, muundaji wa mhusika huyo, ambaye naye aliwahi kuwa ripota wa Reuters, walikuwa wamekwisha kujadiliana hadithi na kuandika rasimu kadhaa. Whittingham aliusuka upya msuko wa mabomu ya nyuklia yanayoibwa ili serikali zitozwe fedha. Filamu ilikwama. Fleming akauchukua msuko huo, akautia katika riwaya ya Thunderball iliyotoka 1961, bila kuwataja wenzake. McClory na Whittingham wakaenda Mahakama Kuu.

Gharama zilimshinda Whittingham, akajiondoa kama mlalamishi na kubaki shahidi. Kesi ilisikizwa Novemba 1963, na baada ya siku tisa pande mbili zikapatana. McClory alipata haki za filamu; Fleming akabaki na riwaya, kwa sharti kwamba matoleo ya baadaye yaeleze kuwa imetokana na mswada wa McClory, Whittingham na Fleming mwenyewe.

Hapa ndipo kisa hiki kinapotugusa sisi wanafunzi wa fasihi simulizi. Tunakwenda nyanjani, tunarekodi ngano kutoka kwa bibi au babu fulani, kisha kitabu kinatoka na jina la mkusanyaji jaladani. Fanani akibahatika hutajwa katika shukrani, pamoja na mpiga chapa. Fleming angalau aliketi meza moja na wenzake. Fanani wetu mara nyingi hata hajui kwamba kitabu kipo, wala kwamba kuna mrabaha.

Filamu ya Thunderball ilitoka 1965, Fleming akiwa amekwisha kufariki mwaka uliotangulia. Mswada uliopigwa ulikuwa wa Richard Maibaum na John Hopkins, lakini jina la Whittingham lilionyeshwa mara mbili: kama mwandishi wa mswada asilia, na kama mmoja wa watatu waliobuni hadithi. Alifia Malta mwaka wa 1972. Hadithi hiyohiyo iliporudi kwenye skrini mwaka wa 1983 kwa anwani ya Never Say Never Again, hakuwapo kuiona. Jaladani, riwaya ingali ya Fleming peke yake. Anayemtafuta Whittingham hana budi kufungua kurasa za mwanzo.