Uji wa Mwaloni: Maisha ya Vijijini ya Waohlone

Waohlone hawakufinyanga vyungu. Uji wao waliupika kikapuni. Kikapu kilisukwa kwa vijiti na mizizi, kikakazwa hadi maji yasipenye. Mpishi alitia humo unga na maji, akatumbukiza mawe yaliyokolea moto, akakoroga bila kupumzika ili mawe yasitulie mahali pamoja na kuunguza kikapu. Muda si mrefu uji ulitokota.

Watu hawa waliishi kandokando ya Ghuba ya San Francisco na kushuka kusini hadi Monterey na Big Sur, katika California ya leo. Hawakuwa dola moja yenye mfalme. Zilikuwa jumuiya ndogondogo zipatazo 50, kila moja na mipaka yake, kiongozi wake na vijiji vyake, zikisema lugha zenye undugu kama Chochenyo, Rumsen na Mutsun.

Unga wa uji ule ulitokana na kokwa za mwaloni. Zilipoiva wakati majani yanapoanza kupukutika, vijiji vilihamia msituni kuzivuna, na pale ndipo watu wa koo mbalimbali walipokutana, wakabadilishana bidhaa, wakacheza ngoma na kuposana. Kokwa zilikaushwa na kuwekwa ghalani. Lakini kokwa ya mwaloni ikiliwa hivihivi ni chungu ajabu, kwa sababu ya tanini iliyomo. Aliyekulia kwenye muhogo mchungu hahitaji kuelezwa zaidi: kuna chakula ambacho bila maarifa hakiliki. Wanawake walibangua kokwa, wakazitwanga katika vinu vya mawe, kisha wakaumwagia unga maji mara nyingi, wakionja, mpaka uchungu wote uishe. Ilikuwa kazi ya kila siku, tena ya saa nyingi. Vinu vyao vingine vilichimbwa kwenye miamba isiyohamishika, na vishimo hivyo bado vinaonekana hadi leo.

Kitoweo hakikuwa taabu. Ghuba ilitoa kome na chaza, mito ilitoa samaki aina ya samoni, na mabwawani walitua bata na mabata bukini wasiohesabika. Wavuvi walitumia mitumbwi ya matete yaliyofungwa matita, na kwa matete hayohayo waliezeka nyumba za mviringo. Karibu na nyumba kilikuwapo kibanda cha jasho, ambamo wanaume walikaa kando ya moto wakitokwa na jasho, hasa kabla ya kwenda kuwinda, ili mnyama asinuse harufu ya mtu.

Wahispania walipofika mwaka 1769 waliona nyika zilizojaa wanyama, wakadhani ni maumbile tu. Wenyeji walikuwa wakizichoma nyika hizo kwa utaratibu. Moto uliondoa magugu, ukaleta nyasi changa za kulungu, ukazidisha mimea ya mbegu ambazo akina mama walizikaanga na kuzisaga. Kwa maoni yangu hicho ni kilimo, ingawa hakikuwa na jembe. Mwaka 1793 gavana wa Kihispania, Arrillaga, akapiga marufuku uchomaji huo, na marufuku ile iliwagusa wenyeji tumboni.

Mtu alipofariki, mali zake ziliharibiwa, wafiwa wa kike wakakata nywele na kujipaka majivu, na jina la marehemu halikutajwa tena. Wafu wengi walizikwa katika vilima vya makombe vilivyokua kwa karne nyingi pale walipoishi watu: makombe, majivu, mifupa ya samaki na makaburi ya wazee, vyote mahali pamoja. Mwaka 1909 mwanaakiolojia Nels Nelson alichapisha ramani ya vilima zaidi ya 400 kuizunguka ghuba. Kilima cha Emeryville, kilichokuwa na kimo cha karibu mita 18, kilisawazishwa mwaka 1924. Leo pana maduka makubwa.

Kabla ya hapo, misheni za Wahispania zilikuwa zimeshawang'oa watu wenyewe vijijini mwao. Kuanzia ile ya Monterey mwaka 1770, zilijengwa saba katika nchi yao. Aliyebatizwa hakuruhusiwa kurudi kwao apendavyo, wasichana walifungiwa usiku katika bweni, na surua ya mwaka 1806 iliua wengi. Mwaka 1925 Alfred Kroeber, bingwa wa anthropolojia wa California, aliandika kwamba, kwa mambo yote ya kivitendo, Waohlone hawapo tena. Wakati huo Ascensión Solórsano, mganga wa mitishamba wa Kiohlone, alikuwa akitibu maskini mjini Gilroy na kuifahamu vizuri lugha ya Mutsun. Mwaka 1929, akiwa mgonjwa kitandani, alimsimulia mtafiti John Harrington alichojua kuhusu lugha, dawa na desturi zao. Alifariki mwaka uliofuata. Kumbukumbu zile ndizo wajukuu wa watu hao wanazotumia sasa kujifunza tena lugha yao.

Vincent Medina na Louis Trevino, Waohlone wote wawili, walifungua Cafe Ohlone mjini Berkeley mwaka 2018, wakawaandalia wageni vyakula vya kwao, uji wa mwaloni ukiwamo. Katika mji huohuo, mwaka 2024, ilitangazwa kwamba kiwanja cha kilima cha makombe cha West Berkeley, kilichogeuzwa maegesho ya magari, kitarudishwa kwa Waohlone kupitia taasisi ya Sogorea Te', inayoongozwa na wanawake. Hata hivyo kabila la Muwekma Ohlone, lenye mamia ya wanachama, bado linaidai serikali ya Marekani ilitambue rasmi.