PF3 au hospitali kwanza? Saa ambazo mwanafunzi hapaswi kuzipoteza

Mwanafunzi wa chuo aliyepanga mtaani Usa River akigongwa na bodaboda usiku, au akibakwa, swali la kwanza la wenzake huwa moja: PF3 tunaipata wapi? Hapo ndipo muda unapopotea.

PF3 ni fomu ya polisi. Daktari huandika humo majeraha aliyoyakuta, na baadaye hutumika mahakamani. Ni ushahidi, si tiketi ya kutibiwa. Huduma ya kuokoa maisha hutangulia, fomu hufuata.

Kwa aliyebakwa, saa ni chache. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zianze ndani ya saa 72, na mapema ndiyo bora. Humezwa kwa siku 28. Kidonge cha dharura cha kuzuia mimba kina mwisho wa saa 120. Asioge kabla ya kupimwa, na nguo alizovaa ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi, kwa sababu nailoni hutunza unyevu na kuharibu ushahidi. Kama ameshaoga, aende hivyo hivyo.

Kutoka Usa River, Hospitali ya Nkoaranga ya KKKT iko juu mlimani; hospitali ya rufaa ya mkoa, Mount Meru, iko Arusha mjini. Kituo cha polisi, aulizie Dawati la Jinsia na Watoto.

Maumivu ya moyoni hayafuati saa hizo. Usingizi ukikataa hata wiki tatu baadaye, yupo mshauri wa wanafunzi chuoni, ingawa wengi humjua kwa mambo ya vyumba na nidhamu tu.