Tunda la Pasheni na Kuiva Kwake

Watu wengi wakiingia sokoni hulitafuta tunda la pasheni lililokunjamana ngozi kama uso wa mzee, wakiamini ya kuwa ndilo tamu kupita yote. Imani hiyo ina nusu tu ya ukweli, na ile nusu ya pili yawapotezea fedha wanunuzi na wakulima; kwa hiyo twapenda kueleza habari hii.

Tunda hili, ambalo wengine huliita karakara, asili yake ni Amerika ya Kusini. Ziko namna mbili zijulikanazo zaidi. La zambarau hupenda baridi ya milimani, kama vile Kisii, Meru na Usambara. La manjano ni kubwa zaidi, hustahimili joto la pwani, na maji yake ni makali. Basi mtu asilinganishe utamu wa hili na wa lile, akasema mkulima fulani hajui kazi.

Tangu ua kuchanua mpaka tunda kuiva hupita siku zipatazo 70 au 80, na penye baridi huzidi. Katika siku za mwisho ndipo sukari huongezeka, ukali hupungua, na ile harufu nzuri hutokea. Likisha kuiva huachia kikonyo, likaanguka lenyewe. Yampasa mkulima kusafisha chini ya mimea na kuokota kila siku, maana likilala juani huungua, na likilala penye unyevu huoza.

Lakini mchuuzi akija na gari hataki kungoja. Huomba yachumwe mabichi, yasipondeke njiani, na hapo ndipo hasara inapoanzia. Ni kweli kwamba pasheni huendelea kuiva baada ya kuchumwa, kwa kuwa hutoa hewa isiyoonekana, iitwayo ethilini, iharakishayo kuiva. Ila sharti liwe limekwisha kuanza kugeuka rangi mtini. Lililochumwa kijani kabisa litageuka rangi baadaye, na ngozi itakunjamana, lakini ndani litabaki chachu, lisilo na harufu. Mikunjo si alama ya sukari, bali ni alama ya maji yaliyotoka katika ganda. Lililoanguka lenyewe, likakaa kivulini siku chache hata likaanza kukunjamana, hilo ni tamu kweli, maana ukali wake umezidi kupungua. Lililochumwa changa nalo hukunjamana vilevile, na mnunuzi hawezi kulitambua kwa macho. Atalijua nyumbani akilipasua, na juma la pili hatarudi kwa muuzaji yule. Tukiulizwa, twasema anayelazimika kupeleka mbali angoje angalau nusu ya tunda iwe zambarau, hata kama mchuuzi atanuna.

Afadhali mnunuzi alipime mkononi. Lililo zito kwa kadiri ya ukubwa wake lina maji tele. Lililo jepesi limekauka, au halikujaa tangu mwanzo. Kujaa kwake kwategemea wadudu, kwa sababu kila mbegu ina kifuko chake cha maji, na mbegu hazipatikani ua lisipopata chavua. Wale nyuki wakubwa weusi watoboao mbao, ambao watu huwafukuza mapaani, ndio watumishi hodari wa kazi hiyo.

Tunda lenye ganda nene, gumu kama ubao, na nafasi ndogo ndani, halitakuwa tamu hata likingojwa mwezi mzima. Huo ni ugonjwa wa virusi, uenezwao na vidukari na visu vya kupogolea. Mmea wake ung'olewe, uchomwe moto.

Na kwa wapishi: maji ya pasheni yasichemshwe. Moto hufukuza harufu, na yale ya zambarau huwa mazito kama uji, kwa kuwa yana wanga. Yachujwe kwa kitambaa safi bila kuzisaga mbegu, kisha yatiwe maji baridi, na sukari kwa kadiri ya ukali wake.