Kuzima na Kukata: Swichi ya Betri katika Gari Lililoegeshwa

Mwenye lori la kuuza maji mjini Kitengela ana msimu wake wa kungoja. Mvua inyeshapo na matangi ya watu kujaa, lori huegeshwa wiki kadhaa. Siku linapohitajika kwenda Kajiado, betri haina nguvu ya kuzungusha stata. Dereva huapa kwamba alizima kila kitu. Asemalo ni kweli, ila kitenzi chake hakitoshi.

Kiswahili cha kila siku huzima moto, taa, simu na injini kwa neno lilo hilo. Kuzima gari, hata hivyo, ni kusimamisha injini tu. Saa, kumbukumbu ya redio na king'ora cha wizi huendelea kuvuta umeme. Katika gari dogo, vifaa vinavyovuta miliampia 50 hutumia ampia-saa 1.2 kwa siku. Betri ya ampia-saa 60 iliyojaa hufika nusu kwa siku 25. Betri za lori ni kubwa zaidi, lakini hesabu ni ile ile. Aidha, betri ya risasi na asidi ikikaa bila chaji, salfeti huganda kwenye mabamba yake, na kuichaji upya hakurudishi uwezo wote.

Kukata ni jambo jingine. Swichi ya kukatia betri hufungwa kati ya kichwa cha hasi na waya uendao kwenye bodi. Upande huo una heri yake: spana ikigusa bodi, cheche hairuki. Sharti swichi ihimili mkondo wa stata, ambao ni mamia ya ampia. Tena isizungushwe injini ikinguruma, kwani altaneta ikipoteza betri ghafla hupandisha volti na huweza kuunguza vifaa.

Kule Lamu, boti iliyotia nanga huwa na sharti la ziada: pampu ya kutoa maji yaliyovujia ndani huunganishwa na betri moja kwa moja, kwa fyuzi yake, isipitie swichi. Ikikatwa, boti yaweza kuzama.

Gari la Kitengela halizami, lakini king'ora chake kikikatwa mwizi hasikiki. Mwenye kuegesha ndani ya ua wenye mlinzi hukata. Mwenye kuegesha kando ya barabara ya Namanga huzima tu, kisha kila baada ya siku chache huliendesha kidogo.