Vipele Wakati wa Tiba ya Saratani

Mgonjwa wangu kutoka Kapalamsenga alirejea kliniki na kopo la vidonge lililokaribia kujaa. Alikuwa akitibiwa lukemia sugu ya mailoidi, saratani ya damu inayokwenda polepole, kwa imatinibu ya miligramu 400 kila siku. Wiki ya tatu vipele vilimtoka kifuani na mikononi, vikamwasha usiku kucha. Jirani akamwambia dawa hiyo imemkataa. Akaiacha. Vipele vikapoa, naye akadhani amepona. Kumbe seli nyeupe za damu zilikuwa zikiongezeka tena.

Simlaumu. Nani atoke Kapalamsenga hadi Mpanda, kisha apande treni kwenda Tabora na kuendelea hadi Mwanza au Dar es Salaam, kwa sababu ya muwasho? Kosa lilikuwa letu, tuliompa vidonge bila kumpa namba ya simu.

Imatinibu huzuia kimeng'enya kinachozichochea seli za saratani kuzaliana, lakini ngozi nayo huguswa. Vipele vingi ni vyepesi, na hutulia mgonjwa akiwa bado anameza dawa. Aoge maji ya uvuguvugu kwa sabuni isiyo kali, apake mafuta ya mgando ngozi ikiwa bado na unyevu, na apewe setirizini na krimu ya haidrokotisoni kwa muda atakaopangiwa. Vikienea mwili mzima, daktari huweza kusimamisha imatinibu kwa muda, kisha akairejesha kwa dozi ndogo, pengine pamoja na prednisoloni. Mitishamba isichanganywe nayo, kwani baadhi hubadili kiwango cha dawa katika damu.

Hali moja haisubiri simu wala ushauri: malengelenge, ngozi kubanduka, vidonda mdomoni au sehemu za siri, macho kuwa mekundu, au vipele vyenye homa. Hapo mgonjwa asimeze kidonge kingine, na afikishwe hospitali ya karibu siku hiyo hiyo.

Mgonjwa wetu alianza upya. Vipele vilirudi kidogo, vikatulia. Baada ya miezi kadhaa alipiga simu kwa jambo jingine: uso ulikuwa umepauka, na kijijini wanamcheka kuwa anapaka mkorogo. Nalo latokana na imatinibu, ambayo hupunguza utengenezaji wa rangi ya ngozi. Halina madhara kwa afya, nikamweleza. Alinyamaza kidogo, kisha akaomba nizungumze na mkewe, aliyekuwa kando yake, nimweleze vivyo hivyo.